Wa Tatu Katika Nyumba ya Mabingwa

Mama mmoja alimleta mtoto wake kliniki kupimwa uzito. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na mwezi, mchangamfu, anakaa na kutambaa vizuri. Uzito wake haukuwa na kasoro. Lakini mama hakufurahi. "Nesi," akaniambia, "huyu mbona hatembei? Kaka yake wakati huu alikuwa akikimbia uani." Nikamweleza kwamba watoto hawalingani, kwamba wapo wanaotembea wakiwa na miezi tisa na wapo wanaofika miezi kumi na tano au zaidi, na wote ni wazima. Akaitikia kwa mdomo tu. Nilimwona usoni kwamba hakuridhika.

Akina mama wenzangu, jambo hili tunalijua sote. Mtoto wa kwanza akifanya vizuri, wa pili hana raha tena. Akileta ripoti ya shule anaulizwa mbona kaka yake alikuwa akishika namba ya kwanza. Akisuka ukili anaambiwa dada yake alikuwa akisuka mzuri zaidi. Hatuna nia mbaya. Lakini mtoto anasikia, na anaweka moyoni.

Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, ila yeye hakulinganishwa na kaka peke yake. Alilinganishwa pia na baba yake mzazi. Jina lake Ed Peery, Mmarekani, na kwa misimu 27 alikuwa kocha wa mieleka katika chuo cha maofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani. Najua wengine mtauliza mieleka ina nini na gazeti la familia. Ngojeni kidogo.

Mieleka ninayoisema

Kwanza tuelewane. Siyo ile mieleka ya kwenye televisheni, ambayo watoto wetu huitazama kisha wakaruka kutoka juu ya makochi na kuvunjana mikono. Ile ni maonyesho. Mshindi amekwisha kupangwa kabla hawajaingia ulingoni. Hakuna mtu anayepigwa kiti kichwani katika mieleka ya kweli. Wala hakuna ngumi.

Mieleka ya kweli huchezwa juu ya mkeka mnene uliotandikwa sakafuni, kama godoro gumu. Watu wawili wa uzito mmoja wanashikana. Kila mmoja anajaribu kumwangusha mwenzake, kumtawala pale chini, na akiweza kumlaza chali mpaka mabega yote mawili yaguse mkeka. Hapo mchezo umekwisha. Isipofika hapo, refa na wenzake wanahesabu pointi. Vijana wetu wa vijijini waliochunga ng'ombe wanaujua mchezo huu bila kufundishwa na mzungu yeyote.

Jambo la pili ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwanamieleka si lazima awe jitu. Watu wa nyumba hii ninayoisimulia walikuwa wadogo. Ed mwenyewe alishindana katika uzito wa pauni 123, yaani kama kilo 56. Kaka yake alikuwa kilo 52. Wapo akina mama katika kwaya yetu wanaoweza kuwaegemea wote wawili wakalala chini.

Baba na kaka

Baba aliitwa Rex Peery. Alisoma chuo kikuu katika jimbo la Oklahoma miaka ya 1930, wakati ambao jimbo lile lilikuwa na ukame mkali, mashamba yakipeperushwa na upepo kama vumbi, na watu wengi wakihama na vyombo vyao kutafuta kazi kwingine. Katika chuo chake kulikuwa na kocha mashuhuri aliyeitwa Edward Gallagher, na mieleka ilikuwa ndiyo fahari ya mahali pale. Rex akawa bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1933. Akawa bingwa tena mwaka 1934. Akawa tena mwaka 1935.

Sheria za siku hizo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kushindana katika timu kubwa ya chuo. Kwa hiyo kila mwanafunzi alikuwa na miaka mitatu tu ya kujaribu, na mtu aliyeshinda mara tatu alikuwa amemaliza yote yawezekanayo. Rex alimaliza yote.

Mwaka huo huo wa 1935 ndipo Ed alipozaliwa. Mama yake alikuwa amebeba mimba baba akishinda ubingwa wake wa mwisho. Kwa hiyo naweza kusema kijana huyu aliukuta mzigo wake mlangoni.

Rex akawa mwalimu wa mieleka, kwanza Tulsa katika shule ya sekondari, kisha mwaka 1949 akachukuliwa na Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Pittsburgh ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, moshi mchana na usiku. Familia ikahama. Na wavulana wakakua wakiwa wanamieleka wa baba yao.

Kaka mkubwa, Hugh, ndiye aliyetangulia. Aliingia timu ya chuo chini ya baba, akawa bingwa wa Marekani mwaka 1952, na mwaka huo huo akapelekwa Helsinki kwenye Michezo ya Olimpiki. Hakurudi na medali, lakini alirudi chuoni akashinda tena mwaka 1953 na tena mwaka 1954. Mara tatu kwa tatu, kama baba.

Sasa hesabuni wenyewe. Baba mitatu, kaka mitatu, na nyumbani bado yupo mdogo.

Fainali ya mwaka 1957

Ed akaanza pale pale Hugh alipoishia. Akashinda mwaka 1955. Akashinda mwaka 1956. Sasa nyumba moja ilikuwa na ubingwa nane, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amejaribu akakosa. Ubaki mmoja tu.

Na kama kwamba haitoshi, mashindano ya mwaka 1957 yalifanyika Pittsburgh, nyumbani kwao, katika ukumbi wa chuo chao wenyewe. Kocha aliyekaa pembeni ya mkeka alikuwa baba. Mpinzani aliyekutana naye fainali alitoka Oklahoma, katika chuo kile kile alichosoma baba yake. Angekuwa mtunzi wa hadithi aliyeandika hivyo, tungesema ameongeza chumvi.

Mimi nikifikiria siku ile simfikirii sana Ed, wala baba. Nawafikiria akina mama. Mwanamke aliyeolewa na bingwa, akamzaa bingwa, sasa anamtazama mwingine akiingia uwanjani mbele ya watu wa mji wao wenyewe. Akishinda, watu watasema ni kawaida yao hao. Akishindwa, watamkumbuka kwa hilo maisha yake yote: yule mtoto wa Peery aliyevunja. Hakuna uwezekano mwingine. Mtoto wa kwanza wa mtu asiyejulikana akifika fainali akashindwa, mtaa mzima unampongeza. Huyu hakuwa na bahati hiyo.

Muda wa kawaida ukaisha hakuna mshindi. Ikabidi waongezewe muda. Kijana wa miaka 21, baada ya miaka mitatu ya kushinda, anasimama anahema, anaambiwa rudi tena mkekani. Akarudi, na katika muda ule wa nyongeza akapata ushindi.

Ubingwa tisa katika majaribio tisa. Wapenzi wa mieleka Marekani wanalizungumza jambo hilo mpaka leo. Mimi nalipenda, lakini nakiri pia linanitisha kidogo. Nimewaona watoto wengi waliobebeshwa jina la nyumba na hawakufika muda wa nyongeza. Waliacha shule. Wengine walianza kunywa. Huyu alifika, na swali langu ni hili: mtu aliyefika pale, akiwa na umri wa miaka 21 na hana cha kuongeza tena, anaishije miaka iliyobaki?

Annapolis

Alikwenda kufundisha. Mwaka 1961 ndipo msimu wake wa kwanza ulipohesabiwa akiwa kocha mkuu wa mieleka katika chuo cha wanamaji kule Annapolis, jimbo la Maryland. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1845, kipo pale mto Severn unapoingia katika ghuba ya Chesapeake. Ukiwa pale unaona matanga ya mashua pande zote. Wanafunzi wake ni makadeti. Wakimaliza wanakuwa maofisa wa manowari, wa ndege za wanamaji, au wa kikosi cha Marine.

Ni lazima nieleze jinsi chuo hicho kilivyo, maana bila hivyo hamtaona ugumu wa kazi yake. Kijana hawezi kuingia pale kwa sababu tu ni hodari wa mieleka. Lazima apendekezwe, kwa kawaida na mbunge au seneta wa kwao. Lazima afaulu hesabu na sayansi. Halipi ada, lakini akimaliza analitumikia jeshi kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kijana ambaye moyo wake wote uko kwenye mieleka, na ambaye vyuo vingine vinamwita kwa ufadhili, kwa nini aende mahali pa kuamshwa alfajiri, kunyolewa, na kukaguliwa kitanda? Wengi hawakwenda. Kocha wa Annapolis alifundisha wale waliokuja.

Tena si wale wa timu tu. Katika chuo kile makocha ni walimu pia wa mazoezi ya viungo, na kujifunza mieleka na ngumi ni sehemu ya mafunzo ya makadeti. Kwa hiyo mtu huyu aliyekuwa bingwa mara tatu alikuwa akiwafundisha pia vijana ambao hawakuwahi kushikana na mtu, wanaoogopa, wanaogeuza uso. Vijana hao hawakuwa wakimletea kikombe chochote. Mtu aliyezoea kushinda si kila mara anaweza kazi hiyo. Wapo mafundi hodari wa kushona wasioweza kumfundisha mwanafunzi mmoja, maana kila akikosea wanamnyang'anya kitambaa.

Pamoja na hayo, timu zake za Annapolis zilishinda zaidi ya mapambano 300 katika misimu hiyo 27. Chuo kile hakikuwa na kocha wa mieleka aliyekuwa ameshinda mengi hivyo kabla yake.

Akina mama, tazameni miaka hiyo tena. Mwaka 1961 mpaka 1987. Ndani yake kuna vita vya Vietnam vyote. Kila mwaka kocha huyu alikuwa akiagana na kundi la vijana wa miaka 22, na kwa miaka mingi baadhi ya vijana wa chuo kile walikuwa wakienda moja kwa moja vitani. Wapo wahitimu waliokufa huko. Wapo waliotekwa na kukaa kifungoni kwa miaka. Kocha wa chuo cha kawaida akimaliza msimu anafikiria msimu ujao. Kocha wa jeshi anaagana na mtoto wa mwenzake aliyemshika mwili kila siku kwa miaka minne, anayejua goti lake lipi ni bovu na bega lipi liliwahi kuteguka, kisha anakwenda.

Mwaka 1964 baba yake, Rex, alichaguliwa kuwa kocha wa timu ya Marekani ya mieleka ya mtindo huru kwenye Olimpiki ya Tokyo. Wamarekani hawakupata dhahabu hata moja katika mieleka mwaka ule. Walirudi na shaba moja. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunapenda kusimulia mafanikio ya nyumba kubwa na kuruka yasiyofanikiwa. Nyumba ile nayo ilipata mwaka wa shaba moja.

Tena mwaka 1976 chuo kile kilipokea wasichana kwa mara ya kwanza. Waliingia 81, na mwaka 1980 wakahitimu 55. Wakati huo hakuna aliyewaza mwanamke apigane mieleka. Mieleka ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 2004 tu, kule Athens. Mwaka uliofuata, 2005, askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani, dada aitwaye Iris Smith, alikuwa bingwa wa dunia kule Budapest. Najua wasomaji wengine hawatapenda. Mimi nilifurahi.

Kijana kutoka Pumphrey

Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwa Peery, ninayempenda zaidi ni Lloyd Keaser. Huyu alikuwa kijana mweusi aliyezaliwa mwaka 1950, akakulia Pumphrey, mtaa wa watu weusi karibu na Baltimore, si mbali na chuo chenyewe. Lakini ukaribu wa njia si ukaribu wa mlango. Chuo kile kilikaa zaidi ya miaka mia moja bila kumhitimisha mtu mweusi hata mmoja. Wa kwanza alikuwa Wesley Brown, mwaka 1949, mwaka mmoja tu kabla Keaser hajazaliwa. Keaser aliingia mwaka 1968, mwaka aliouawa Martin Luther King, miji ya Marekani ikiwaka moto, Baltimore ikiwamo. Makadeti weusi walikuwa wachache sana.

Alihitimu mwaka 1972 akawa ofisa wa Marine. Mwaka uliofuata, kule Tehran, akawa bingwa wa dunia katika uzito wa kilo 68. Hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amepata ubingwa wa dunia wa mieleka kabla yake. Kumbukeni tulivyosema kuhusu chuo kile, kwamba wanamieleka bora walikuwa wakienda kwingine. Huyu alitoka pale.

Kisha ikaja Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976. Keaser alifika pambano la mwisho akiwa katika nafasi nzuri kuliko wote. Siku hizo pointi zilihesabiwa kwa namna ngumu, si kama fainali ya kawaida, na hesabu ilionyesha kwamba hata akishindwa kwa tofauti ndogo, dhahabu bado ni yake. Mpinzani alikuwa Pavel Pinigin wa Muungano wa Kisovieti. Keaser alishindwa pointi 12 kwa 1. Tofauti ikawa kubwa mno, dhahabu ikaenda kwa Pinigin, naye akabaki na fedha.

Peery hakuwa kocha wake siku ile. Lakini naona mambo haya mawili pamoja: fainali ya 1957, ambayo kijana alikuwa na hofu ya kushindwa na hakuwa na pa kuegemea, na pambano la Montreal, ambalo kijana hodari kuliko yule aliambiwa unaweza hata kushindwa kidogo. Sisemi kwamba hofu ni nzuri. Nasema tu kwamba mtu mkubwa aliyeshika dunia nzima kule Tehran anaweza kuangushwa na hesabu. Na jambo lililonifurahisha ni kwamba Keaser hakujificha. Ameishi maisha yake, anaheshimiwa, na hata Montreal anaizungumzia.

Mambo ninayoyajua kwa kazi yangu

Hapa niseme kidogo kama muuguzi, kwa sababu siku hizi shule nyingine zinaanzisha mieleka na judo, na akina mama wanauliza.

Kocha wa mieleka ana mamlaka ambayo mwalimu wa mpira hana. Ana mamlaka juu ya chakula na maji ya mtoto wako. Kwa kuwa wachezaji hupangwa kwa uzito, kijana wa kilo 60 hutamani kushuka mpaka kilo 56 ili akutane na watu wadogo kuliko yeye. Na njia ya haraka ya kushuka si kupunguza mafuta, ni kupunguza maji. Kijana haoni kiu kama dalili. Anaiona kama ushindi. Anavaa nguo za plastiki, anakimbia ndani ya chumba chenye joto, anatema mate kwenye chupa.

Mwishoni mwa mwaka 1997, vijana watatu wa vyuo vitatu tofauti vya Marekani walikufa kwa namna hiyo ndani ya muda wa kama mwezi mmoja. Ed Peery alikuwa amekwisha kuacha ukocha miaka kumi kabla. Maji yakipungua mwilini kiasi kile, damu inakuwa nzito, figo zinashindwa, joto la mwili linapanda bila jasho la kulipoza, na moyo unapoteza mpangilio wake. Baada ya vifo vile sheria za vyuo zilibadilishwa: nguo za plastiki na vyumba vya mvuke vikapigwa marufuku, na mkojo wa mchezaji hupimwa kwanza kuona kama ana maji ya kutosha kabla hajapangiwa uzito. Mwanao akisema anataka kucheza mieleka, usimuulize kocha ameshinda vikombe vingapi. Muulize vijana wake wanakunywa maji lini.

La pili ni sikio. Wanamieleka wengi wa zamani wana masikio yaliyovimba na kukunjamana kama andazi lililoungua. Sikio likisuguliwa au kugongwa, damu hujikusanya kati ya ngozi na ile gegedu. Ikiachwa, inakauka na kuwa gumu milele. Ikiwahiwa mapema, hospitali wanaweza kuitoa. Kofia ya kukinga masikio si ya waoga.

La tatu, ngozi. Choa na majipu huenea kupitia mkeka mchafu. Mkeka usafishwe kwa dawa kila siku, na mtoto aoge mara amalizapo mazoezi, asisubiri kufika nyumbani jioni.

Misimu 27

Peery aliacha ukocha mwaka 1987. Alifariki dunia mwaka 2010, akiwa na umri wa miaka 75. Katika Jumba la Heshima la Mieleka lililoko Stillwater, Oklahoma, yamo majina ya wote watatu, baba na wanawe wawili.

Wanaomsimulia huanza na ule ubingwa tisa. Naelewa, ni habari tamu. Lakini ubingwa wake mwenyewe ulikuwa mitatu, ukamalizika akiwa kijana wa miaka 21, na ule mwingine ulikuwa wa watu wa nyumbani kwake. Ile misimu 27 ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna baba aliyekaa pembeni ya mkeka kule Annapolis, wala kaka aliyetangulia. Chuo hakikuwa cha Oklahoma wala cha Pittsburgh. Alikwenda mahali ambapo jina la nyumba yao halikuwa limeandikwa ukutani, akawafundisha watoto wa watu wengine, wengi wao wasingekuwa mabingwa wa chochote.

Nilitamani kumsimulia haya yule mama wa kliniki, lakini foleni ilikuwa ndefu hadi nje, na watoto wengine walikuwa wakilia. Alirudi baada ya miezi miwili kwa ajili ya mizani. Mtoto alikuwa ameanza kutembea akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili na nusu. Tulipomweka chini alitoka mbio mpaka kwenye meza ya dawa, akavuta kitambaa, na tukaokota vidonge sakafuni wote watatu.